Tusizime Redio kwa Sababu ya Gitaa



Dominika moja baada ya Misa, katika kigango kimoja cha huku Rujewa, mama mmoja wa WAWATA alinisubiri mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaingia kwenye hoja yake bila kuzunguka. "Frateri, mwanangu, eti ni wewe unayepiga yale makelele ya magitaa redioni Jumamosi jioni?" Nikakiri kwamba ni mimi. "Na ule wimbo wa kutwangia uliofuata, wa yule bibi, uliutoa wapi?" Nikamweleza kwamba tulimrekodi bibi mmoja nyumbani kwake, kwa simu, akiwa kwenye kinu. Mama akanyamaza kidogo. "Ule alikuwa akiuimba mama yangu," akasema. "Hayo makelele yatoe. Ule wa bibi uache."

Pale mlangoni sikuwa na jibu la maana. Nilicheka, nikamshukuru, nikapanda bodaboda. Lakini tangu siku ile jambo hili limekua. Kamati ya vipindi ya redio yetu imepokea barua mbili. Moja inataka muda huo zipigwe nyimbo za kwaya tupu. Nyingine inataka muda wenyewe uuzwe kwa wauzaji wa pembejeo, maana redio ina madeni ya umeme. Wapo pia wanaopendekeza njia ya katikati, ileile ya mama yangu wa mlangoni: nyimbo za wazee zibaki, magitaa yaondoke. Naandika kuwajibu wote, lakini hasa hawa wa mwisho, kwa sababu hoja yao ndiyo nzuri kuliko zote, na mimi naiona ndiyo itakayokiua kipindi huku kila mtu akidhani amekiokoa.

Kwa wenzangu seminarini ambao hawajawahi kuingia katika redio ya kijamii, msifikirie studio za Dar es Salaam. Ni chumba kimoja chenye mazulia ukutani ya kumeza mwangwi, kompyuta moja, mikrofoni mbili, na feni ambayo inabidi izimwe mtu anapoongea. Redio ya namna hii haiendeshwi kwa faida. Wengi wanaotangaza wanajitolea, na msimu wa kuvuna mpunga ukifika nusu yao wanatoweka. Kazi yake kubwa ni matangazo ya misiba, ng'ombe waliopotea, zamu za maji mferejini na bei ya gunia ilivyoamka leo. Kanisa letu lilikuwa kati ya wa kwanza kuelewa thamani ya chombo hiki nchini, milango ya utangazaji binafsi ilipofunguliwa kwa sheria ya 1993. Radio Tumaini ilianza Dar es Salaam mwaka 1994, Radio Kwizera ikaanza Ngara mwaka 1995 wakati mkoa wa Kagera umejaa wakimbizi, na Radio Maria ikaanzia Songea mwaka 1996. Kwa hiyo frateri kukaa mbele ya mikrofoni si ajabu. Ajabu, kwa baadhi ya watu, ni kile anachokipiga.

Kipindi chenyewe sikukianzisha. Nilikikuta. Jumamosi saa kumi na mbili jioni hadi saa moja ni muda ambao hakuna aliyeutaka: akina mama wako jikoni, vijana wako njiani kwenda kuangalia mpira, wafugaji wanaingiza ng'ombe zizini. Aliyekuwa nao alikwenda shambani akachelewa kurudi, nikaambiwa nijaze pengo. Nilianza kwa unyenyekevu wote na nyimbo za kwaya. Wiki sita nzima. Katika wiki hizo sita nilipokea ujumbe mmoja tu wa simu, nao ulikuwa wa mtu aliyetaka kujua kama tangazo la msiba wa shemeji yake limeshasomwa.

Si kwamba watu wa Rujewa hawapendi kwaya. Wanazo nyumbani, kwenye simu, kwenye daladala, na redio nyingine zinazipiga tangu alfajiri. Nilikuwa nawauzia maji watu waliokaa mtoni.

Wiki ya saba nilipiga Sunburst.

Wengi wenu hamjawahi kuisikia, na hilo lenyewe ni sehemu ya hoja yangu. Sunburst ilikuwa bendi ya vijana wa Dar es Salaam, ilianza mwaka 1970. Huo ni mwaka mmoja tu baada ya mamlaka kupiga marufuku muziki wa soul jijini humo, mwishoni mwa 1969, kwa maelezo kwamba unaharibu vijana na utamaduni wa taifa. Vijana hawa hawakuacha gitaa la umeme, na hawakuacha ngoma pia. Walivitia katika chungu kimoja: mapigo ya kwetu, gitaa la roki, kinanda cha umeme, sauti za kuitikiana kama kwenye mavuno. Mwaka 1976 walirekodi santuri yao, na walikwenda kuirekodi Lusaka, Zambia. Jina lake mseminari yeyote anaweza kulitafsiri bila kamusi: *Ave Africa*. Kisha bendi ikasambaratika, santuri ikapotea machoni pa watu, na ilichapishwa upya mwaka 2016 na kampuni ya Ulaya. Fikirini. Kijana wa Berlin au London anaweza kuwa nayo kabatini, na kijana wa Ubaruku hajui kwamba Tanzania ilipata kuwa na kitu kama hicho.

Nilipoipiga, simu ya redio ilipokea ujumbe kumi na nne. Tisa ulilalamika. Nilifurahi sana.

Naomba tukumbuke njia ambayo santuri ile iliifuata. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapita katika wilaya yetu ya Mbarali, inasimama Chimala na Igurusi, inaendelea hadi Mbeya, Tunduma na ng'ambo. Barabara kuu ya Zambia iko hapohapo. Wazee wetu walibeba shaba na mbolea kwa njia hii, na nyimbo zilisafiri nazo bila tiketi. Huko ng'ambo, katika miji ya migodi ya shaba, vijana wa miaka ile ya sabini walikuwa wamezua muziki wao ambao leo unaitwa Zamrock. Walikuwapo WITCH wakiongozwa na Emmanuel Chanda, ambaye wote walimwita Jagari. Walikuwapo Amanaz, Rikki Ililonga, na Paul Ngozi na kundi lake. Rais Kaunda alikuwa ameagiza redio ya nchi ipige kwa sehemu kubwa muziki wa Wazambia wenyewe, nao vijana wakaitika kwa magitaa yenye mikwaruzo, wakiimba Kiingereza, Kibemba na Kinyanja. Kisha bei ya shaba ikaanguka, uchumi ukayumba, na baadaye UKIMWI ukawamaliza wengi wao. Wanamuziki wa WITCH karibu wote walikufa. Jagari alibaki, akawa mchimbaji wa vito, na alikuwa mtu mzima sana walipokuja wageni kumtafuta na kumrudisha jukwaani.

Hii ndiyo "mikelele" ya Jumamosi. Ni ya majirani zetu. Dereva mmoja wa lori aliyelala Igawa alinitumia ujumbe akasema baba yake alikuwa na santuri ya Paul Ngozi na aliivunja kwa hasira siku aliyoachishwa kazi mgodini. Sijui jina la dereva yule, lakini naukumbuka ujumbe wake kuliko mahubiri mengi niliyoyaandaa mwaka huu, yakiwemo yale niliyodhani ni mazuri.

Sasa nirudi kwa mama yangu. Yeye anasema: mpige bibi wa kinu, waache wenye magitaa. Kwa nini nisikubali? Mbona rahisi?

Kwa sababu nimejaribu. Kabla ya kuchanganya, niliweka nyimbo za wazee peke yake kwa nusu saa, nikaita "urithi wetu". Ilikuwa kama kuwapeleka watu makumbusho siku ya mvua. Vijana walibadilisha masafa. Wazee wenyewe hawakuwa wakisikiliza, kwa kuwa redio ya nyumbani huwa mikononi mwa kijana. Nilipoanza kuziweka kati, wimbo wa bibi baada ya WITCH, ngoma ya Wasukuma baada ya Sunburst, zeze baada ya gitaa la blues, kitu kilibadilika. Kijana mmoja wa bodaboda anayeegesha stendi aliniuliza, tena kwa aibu kidogo, kama ninaweza kumrushia kwenye simu "ile ya bibi, yenye ule mdundo wa mchi". Hakuwa ameusikia kama mdundo mpaka ulipokaa jirani na ngoma za roki. Mama alizaliwa anaujua wimbo ule. Kijana alihitaji mlango wa kuingilia, na mlango wake ulikuwa gitaa.

Wenye kazi hii wanalijua jambo hilo tangu zamani. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alikuwa na ilimba na zeze na sauti iliyoweza kupanda kutoka chini ya ardhi hadi juu ya mbuyu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla hajafariki mwaka 2003, alirekodi santuri pamoja na mpiga gitaa Michael Brook, na alipanda majukwaa ya Ulaya na Marekani na Peter Gabriel. Hakugeuka Mzungu kwa kukaa karibu na gitaa la umeme. Patrick Balisidya, mwingine wa Dodoma, aliipeleka Afro 70 hadi Lagos kwenye tamasha la FESTAC mwaka 1977 kuiwakilisha nchi hii, na gitaa lake lilikuwa limelewa ngoma za Ugogo. Hawa hawakuuliza kama mizizi na umeme vinaweza kukaa pamoja. Walipiga tu.

Na tazameni mahali penyewe tulipo. Rujewa ya nani? Usangu ni ya Wasangu, hilo halina ubishi, watu wa Merere waliopigana na Wahehe wa Munyigumba karne ya 19 mpaka nyimbo za pande zote mbili zikajaa mikuki. Lakini leo nenda sokoni Rujewa uhesabu: Wahehe, Wabena, Wakinga, Wanyakyusa, Wasukuma waliokuja na ng'ombe, Wamang'ati, Wamasai, Wabaluchi ambao babu zao walikuwa kati ya waliofungua mashamba ya mpunga wa kumwagilia. Wote wananunua nyanya kwa mama mmoja. Wote wanatazama mto uleule, Ruaha Mkuu, ambao tangu 1993 umekuwa ukikauka huko chini wakati wa kiangazi, na kila mmoja ana jina la mtu wa kumlaumu. Mkulima anamtaja mfugaji. Mfugaji anataja mifereji ya mashamba makubwa. Wafugaji walioondolewa Ihefu mwaka 2006 na 2007 hawajasahau, na walioshangilia wakiondoka hawajasahau pia. Hawa wote ni wakristo wetu, wanakaa benchi moja kanisani, na amani wanapeana.

Mimi si mtaalamu wa migogoro ya ardhi. Lakini Jumamosi moja nilipiga bugobogobo, ngoma ya Wasukuma ya majembe, na mzee mmoja Msangu akapiga simu studio. Nilitarajia matusi. Akasema: "Hao nao huwa wanalima kwa ngoma? Sisi tulikuwa tunafanya hivyohivyo. Mimi nilidhani wao ni watu wa ng'ombe tu." Kisha akaimba, hewani, bila kuombwa, beti mbili za wimbo wa kulimia wa Kisangu, na simu ikakatika kwa kukosa salio. Sina zaidi ya hapo. Hakuna mfereji uliogawanywa upya siku ile. Ila alikuwa amesema "nao", na mtu akishakuita "nao" unaweza kuanza kuzungumza naye.

Ndugu zangu wa barua ya kwanza, mnaotaka kwaya tupu, mnasema muziki huu si wa Kanisa. Naomba tutenganishe mambo mawili. Siombi gitaa la mikwaruzo liingie katika Misa. Liturujia ina sheria zake, nami nimefundishwa na nitazifuata. Redio Jumamosi jioni si altare, ni kibaraza. Lakini hata kuhusu altare, tusijifanye kwamba mipaka ilichorwa na malaika. Ngoma, ambayo leo hakuna Dominika ya Pasaka bila yake, ilikuwa ikikatazwa na wamisionari wengi kama chombo cha mashetani. Ilihitaji watu. Mwaka 1958 kule Kamina, Kongo, Padre Guido Haazen na vijana wake waliimba Misa Luba kwa ngoma. Mwaka uliofuata Padre Stephen Mbunga, Mtanzania mwenzetu wa kusini, akatoa *Misa Baba Yetu*, kisha mwaka 1963 akachapisha kitabu kizima juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia, namba 119, ukaelekeza kwamba mapokeo ya muziki ya watu wa nchi za misioni yapewe heshima na nafasi yanayostahili. Mseminari anayeisoma hati hiyo kwa ajili ya mtihani tu, bila kujua jina la Mbunga, amesoma nusu.

Na kule Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, hakuzifukuza ngoma za Wasukuma. Aliyapa makundi ya Wagika na Wagalu uwanja wa kushindana wakati wa Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Ni sherehe inayoitwa Bulabo, na inaendelea. Wasukuma wa huku Mbarali wanaikumbuka wakiwa mbali nayo kilomita mia nyingi. Nikipiga ngoma zao Jumamosi ninafanya kidogo sana ya kile alichokifanya padre yule.

Kuhusu roki yenyewe, kwamba ni ya shetani, naomba niwajulishe dada mmoja. Rosetta Tharpe alizaliwa Arkansas, Marekani, mwaka 1915, akalelewa katika kanisa la Kipentekoste ambamo mama yake alikuwa akihubiri na kuimba. Alishika gitaa akiwa mtoto. Alipopata gitaa la umeme alilipiga akimwimbia Yesu, kwa namna ambayo wanaume waliokuja kuitwa wafalme wa roki waliisikiliza na kuiga. Mwaka 1964 aliimba Manchester, Uingereza, juu ya jukwaa la stesheni ya treni isiyotumika, hadhira imekaa upande wa pili wa reli, mvua inanyesha, yeye amevaa koti zuri na gitaa limening'inia shingoni. Kwa hiyo roki ilitoka kanisani kabla haijaenda baa. Nilipomsimulia hewani, katekista mmoja alisema sasa anaelewa kwa nini inamtikisa miguu.

Lakini nisiwacheke mno wenye wasiwasi, kwa sababu wana kesi. Niliwahi kupiga wimbo wa lugha nisiyoijua, kwa kuwa gitaa lake lilinivutia. Kabla haujaisha ujumbe ukaingia: "Mtangazaji, unajua huyo anasema nini? Watoto wako macho." Sikujua. Niliuzima katikati, nikaomba radhi hewani, na masikio yaliniwaka hadi usiku. Mtakatifu Augustino anaungama, katika kitabu cha kumi cha *Maungamo*, kwamba anaogopa pale wimbo unapomgusa kuliko maneno yanayoimbwa. Na ni yeye huyohuyo aliyelia kwa nyimbo za kanisa la Milano siku za ubatizo wake. Alibaki na hofu na bado hakutaka uimbaji uondolewe. Tangu siku ile ya aibu sipigi wimbo ambao sijapata mtu wa kunieleza maneno yake. Hilo limenipunguzia orodha karibu nusu. Limeniongezea pia marafiki, maana ili kujua Mbemba anasema nini inabidi umtafute Mbemba, na stendi ya malori wapo.

Wa barua ya pili, wanaotaka muda uuzwe, nawaelewa kuliko wanavyodhani. Nimeziona ankara za umeme. Ila muda wa Jumamosi jioni ulikuwa haununuliki hadi ulipopata wasikilizaji, na wasikilizaji waliletwa na kelele hizihizi. Weka tangazo la mbolea katikati ya kipindi, nitalisoma mimi mwenyewe kwa sauti nzuri. Ukikitoa kipindi, utabaki na mbolea.

Kuna jambo jingine ambalo sijalisema kwenye kamati, na naona haya kuliandika.

Mwezi wa nne tulikwenda, mimi na kijana mmoja wa VIWAWA, kwa mzee aliyekuwa na ligombo. Ambao hamkijui chombo hiki, ni ubao uliochimbwa kama hori dogo refu, uzi mmoja mrefu umepitishwa juu yake kwenda na kurudi mara kadhaa, na kibuyu cha kukuzia sauti. Wahehe na majirani zao walikuwa wakiimbia masimulizi ya vita na machifu juu yake. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka nchi nyingi za Afrika na mashine yake ya kurekodia, alipita Tanganyika, na rekodi zake zimehifadhiwa hadi leo Afrika Kusini. Mzee wetu hakupitiwa na Tracey. Alipitiwa na sisi, na simu yenye kioo kilichopasuka. Alipiga kwa dakika arobaini hivi. Aliimba juu ya njaa, juu ya mwanamke aliyekataa posa ya ng'ombe saba, juu ya barabara ilipopita. Tulihamisha kwenye flashi. Simu ilikuwa imejaa, nikafuta. Flashi niliichomeka kwenye kompyuta ya studio ambayo kila mtu anachomeka yake, ikashika virusi, faili zote zikageuka njia za mkato zisizofunguka. Fundi wa kompyuta alijaribu siku mbili. Tulipanga kurudi kwa mzee baada ya mavuno. Alifariki kabla ya mavuno, na ligombo lake, niliambiwa msibani, lilikuwa limeshakatwa kuni na wajukuu waliodhani ni hori la kuku lililotoboka.

Siwalaumu wajukuu. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kile ni chombo cha muziki. Hawakuwahi kukisikia popote isipokuwa kwa babu anayelalamika. Kama wangekuwa wamekisikia redioni, kati ya Sunburst na WITCH, kikiwa na jina, wakasikia mtangazaji akisema hiki kinapigwa na mzee wa kijiji chenu, labda wangetafuta kuni kwingine. Labda. Ndiyo sababu naogopa njia ya katikati. Ukiziweka nyimbo za wazee mahali pake pa peke yake, zenye heshima na zisizosikilizwa, umeziweka pale lilipokuwa ligombo.

Sasa tunanakili kila rekodi mara tatu, na nakala moja inarudi kwa mwenyewe kwenye kadi ya simu, pamoja na ruhusa yake iliyorekodiwa kwa sauti yake mwenyewe akisema ipigwe wapi na isipigwe wapi. Bibi wa kinu, kwa mfano, amekataa wimbo wake wa msiba upigwe siku isiyo na msiba. Tunamtii. Kwa muziki wa bendi tunafuata taratibu za hakimiliki, ingawa nakiri kwamba hesabu zake kwa redio maskini kama yetu zinaumiza kichwa.

Kamati inakaa Alhamisi. Mimi si mjumbe, nitasubiri nje kwenye benchi kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu wa zamu. Mwaka wangu wa uchungaji unaisha karibuni, na aliyebaki kuendesha kipindi ni yule kijana wa VIWAWA, ambaye anajua kompyuta kuliko mimi na anamjua kila mzee mwenye zeze kutoka hapa hadi Utengule. Kama muda utauzwa, atarudi kwenye bodaboda.

Wiki iliyopita nilimfuata yule mama nyumbani kwake. Nilimwambia kwamba bibi wa kinu hakumbuki beti za mwisho, na kwamba kama mama yake alikuwa akiuimba ule wimbo, basi yeye huenda anazo. Anazo. Alinikaribisha chai, akaziimba polepole huku akichambua mchele, akasita mahali, akarudia. Nikamwomba aje studio Jumamosi. Akauliza kama na wale wa magitaa watakuwepo. Nikamwambia watakuwepo, kabla yake na baada yake. Akafikiri. Amesema atakuja, ila wakati yeye yuko ndani ya kile chumba gitaa lisilie, na feni isizimwe, maana ana pumu. Nimekubali yote mawili, ingawa la feni sijui nitalifanyaje.